Tafakari ya Juma: Saa Iliyokataa Kufungua, na Namba ya Siri ya Bibi



Juma hili kijana mmoja wa parokia yetu ametuomba tuandike juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano wowote na altare wala na kiti cha kitubio. Ni habari ya saa ya mkononi. Alipotuomba tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, kwa kuwa habari ile ilitukumbusha kosa letu wenyewe ambalo hatujawahi kulisema hadharani. Tafakari hii, basi, ni ya saa na ni ya kosa hilo. Tunawaomba mtuvumilie mpaka mwisho.

Kijana huyo hutusaidia kuandika hesabu za michango ya jumuiya ndogo ndogo. Dada yake anayeishi ughaibuni alimtumia zawadi kubwa: saa janja aina ya Apple Watch, simu ya iPhone na kompyuta mpakato ya Mac, vyote vikiwa vimetumika lakini vizima. Dada alimwambia kwamba akikaa mbele ya kompyuta hiyo hali amevaa saa, kompyuta itamtambua na kufunguka yenyewe, bila yeye kuandika nywila. Kijana alivaa saa, akakaa, akangoja. Kompyuta haikufunguka. Alizima na kuwasha kwa siku tatu, akaomba ushauri kwa kila aliyejidai kuwa fundi, na hatimaye akaja ofisini kwetu, vyombo vyote vikiwa begani.

Kwa wale ambao mambo haya ni mageni, tueleze kwa ufupi. Tangu mwaka 2016 kompyuta za Mac zimeweza kufunguliwa na saa ya kampuni hiyo hiyo, na tangu mwaka 2021 simu za iPhone zinazotambua uso zimeweza pia kufunguliwa na saa pale ambapo uso umefunikwa. Saa na kompyuta huzungumza kwa mawimbi ya redio ya karibu. Kompyuta huuliza kama mwenyewe yupo, na saa hujibu kwamba yupo, nimefungwa mkononi mwake. Jibu likiridhisha, mlango unafunguka. Ni kama mlinzi wa getini anayekufungulia kwa sababu amemwona mtu wa nyumbani akitembea pamoja nawe.

Tulikaa na kijana yule alasiri nzima, na tunawaandikia tulichokigundua, kwani huenda kikamfaa mwingine mwenye shida kama yake.

Kwanza, saa yake haikuwa na namba ya siri. Aliiondoa kwa sababu ilimchosha kila asubuhi. Lakini saa isiyo na namba ya siri hairuhusiwi kufungua kifaa kingine chochote. Sharti mwenye saa aifungue saa yenyewe kwanza, kwa namba yake, ikiwa mkononi mwake. Akiivua, nayo inajifunga.

Pili, alikuwa amezima Wi-Fi ya kompyuta kwa nia njema ya kubana matumizi ya bando. Lakini kazi hii huhitaji Wi-Fi na Bluetooth ziwe zimewashwa zote mbili, hata kama hakuna intaneti inayotumika. Aidha, kompyuta ikiwa inagawia vifaa vingine intaneti yake, saa haitaifungua.

Tatu, alikuwa akizima na kuwasha kompyuta kila mara akidhani anaitengeneza. Kumbe kompyuta ikishawashwa upya, mara ya kwanza ni lazima mwenyewe aandike nywila kwa vidole vyake. Saa husaidia mara zinazofuata tu. Kwa hiyo kila alipojaribu dawa yake, aliongeza ugonjwa.

Nne, na hili ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, kompyuta aliiingiza kwa akaunti yake mwenyewe, lakini simu na saa vilibaki katika akaunti ya dada. Mbele ya kompyuta, saa ile ilikuwa mkononi mwa kijana wetu lakini ilitamka jina la mtu mwingine. Hata angekaa pale hadi Pasaka, isingefunguka. Ilibidi dada aondoe vifaa hivyo katika akaunti yake, kisha kijana aviandikishe upya kwa jina lake, na kuweka ule uthibitisho wa hatua mbili unaodaiwa na kampuni.

Wenye simu za Android nao wasidhani wamesahauliwa. Katika simu zao zipo njia za kuamini kifaa kilicho karibu, lakini tangu toleo la 10 lililotoka mwaka 2019, katika simu nyingi kifaa hicho huongeza tu muda wa simu ambayo mwenyewe ameshaifungua. Simu ikishajifunga, hakina uwezo wa kuifungua. Wengi hulalamika kwamba saa yao imeharibika, kumbe inatii amri mpya. Nazo saa nyingi za bei nafuu katika minada yetu huhesabu hatua na mapigo ya moyo tu. Hazikuundwa kufungua kitu. Tena, ili tusimlaumu mtumiaji kila mara, tukumbuke kwamba simu za iPhone 13 zilipotoka mwaka 2021, baadhi yake hazikukubali kabisa kufunguliwa na saa, na kosa lilikuwa la waliozitengeneza. Walilisahihisha kwa toleo jipya la programu siku ya 1 Oktoba mwaka huo huo. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, sasisha programu.

Lakini kabla hatujafika kwenye lile sababu la nne, kijana alikuwa amekata tamaa. Alituuliza kwa sauti ya uchovu: "Baba Padre, kwa nini tusiiondoe tu hiyo nywila ya kompyuta? Nani ataiba hesabu za jumuiya?"

Tulikaribia kumkubalia. Midomo yetu ilikuwa tayari. Ndipo tukamkumbuka bibi mmoja, na tukanyamaza.

Kabla ya kumsimulia bibi huyo, tunaomba turudi nyuma kidogo katika historia ya nchi yetu hii ya Karagwe. Mzungu aitwaye John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, alisimuliwa jinsi mfalme huyo alivyopata kiti. Baba yake alipofariki, wana watatu walidai urithi. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo ya kifalme. Uzito wake, asema Speke katika kitabu chake cha mwaka 1863, ulikuwa mdogo sana, lakini iliaminiwa kwamba imetiwa nguvu za siri hata asiweze kuiinua yeyote ila mrithi wa haki. Ndugu zake walishindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo.

Sisi Wakristo hatuna haja ya kuamini dawa za ngoma ile. Lakini tuone wazee walikuwa wakitafuta nini. Walitafuta kitu ambacho hakihongeki, ambacho hakisikilizi maneno matamu wala wingi wa wafuasi, kitu kinachojibu swali moja: je, huyu anayenigusa ndiye mwenyewe? Wajukuu wa watu wale leo huweka kidole juu ya kioo cha simu ili iwatambue, na kuanzia tarehe 1 Mei 2019 hadi 20 Januari 2020 nchi nzima ilipanga foleni kuweka alama za vidole ili laini za simu zisizimwe. Swali halijabadilika tangu Bweranyange.

Tatizo ni kwamba vifaa vyetu, kama sisi wenyewe, hupenda kujibu swali hilo kwa njia rahisi. Vinauliza ni nani aliye karibu, na kuridhika. Ndugu zetu wa Kyerwa wanaokaa kando ya mto Kagera wanalifahamu hili. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo, nchini Rwanda, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja, nayo hujirudisha nyuma bila kumwuliza mwenyewe, na mwanakwaya mwaminifu akafika Misa wakati wa komunyo. Simu haikukosa uaminifu. Ilimwamini tu aliyesikika kwa nguvu zaidi.

Hata ile njia ya kufungua iPhone kwa saa ilikuwa na udhaifu wa namna hiyo. Ililetwa wakati wa UVIKO-19 kwa ajili ya waliovaa barakoa. Simu iliona uso uliofunikwa, ikasikia saa iko karibu, ikafunguka. Lakini watu waligundua mapema kwamba ndugu au mwenzako kazini, naye akiwa amevaa barakoa, aliweza kuifungua simu yako mradi wewe umesimama jirani na saa yako mkononi. Ndiyo maana simu ikifunguliwa hivyo saa hutetemeka na kukuonyesha kitufe cha kuifunga tena. Watengenezaji walijua kwamba ukaribu si utambulisho, wakaweka kengele.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, kinatusimulia habari ile ile katika hema la Isaka. Mzee haoni. Yakobo amevaa ngozi za mbuzi mikononi ili afanane na kaka yake. Isaka anasikia sauti ya Yakobo, lakini akipapasa mikono anakuta ya Esau. Ushahidi wa aina mbili unapingana mbele yake, naye anachagua ule wa mikono, anatoa baraka, na baraka ikishatoka hairudi. Tuangalie vema ni nani aliyemdanganya mzee huyo. Hakuwa mwizi kutoka mbali. Alikuwa mtoto wa nyumbani, tena aliandaliwa na mama yake.

Sasa tumsimulie bibi. Ametupa ruhusa, nasi hatutataja jina lake wala kigango chake.

Ni mjane mwenye shamba la kahawa na migomba. Macho yake yamefifia. Miaka michache iliyopita alitujia baada ya Misa akalalamika kwamba malipo yake ya kahawa ya maganda sasa yanakuja kwa simu, naye hawezi kusoma yaliyoandikwa wala hajui abonyeze wapi. Wakala yuko mbali, na kila mara anasahau hatua. Sisi tulikuwa na haraka. Kulikuwa na ubatizo kigango cha pili. Tukamwambia: "Bibi, si una mjukuu anayesoma sekondari? Mpe namba ya siri, akusaidie." Tuliona tumetatua shida. Tukampa baraka, tukapanda pikipiki.

Mjukuu yule alikuwa mwema. Kwa karibu mwaka mzima alimtolea bibi yake fedha, akanunua sukari na sabuni, akaleta chenji yote. Kisha rafiki akamwonyesha namna ya kubeti mpira kwa simu. Mkeka wa kwanza aliulipia shilingi mia chache za bibi, akiwa na nia ya kuzirudisha jioni. Alishinda, akazirudisha. Hilo ndilo lililomwangamiza. Msimu wa kahawa ulipofika na malipo ya bibi yakaingia yote kwa mkupuo, ndani ya juma moja hayakuwapo. Kijana akatorokea mjini. Bibi alikwenda kwa wakala kutoa fedha za kulipia vibarua, akaambiwa hakuna kitu. Alikataa kwenda polisi. Alikuja kwetu, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba hana la kumdai mtu, kwa kuwa namba aliitoa mwenyewe.

Hakusema ni nani aliyemshauri. Alituhurumia. Lakini sisi tulijua.

Baadaye kijana alirudi, akaomba msamaha kwa bibi yake mbele ya wazee wa jumuiya, na akasamehewa. Siku hiyo, nje kabisa ya kitubio na kwa ruhusa yake, alituambia maneno ambayo hayajatutoka: "Padre, siku ya kwanza sikuwa mwizi. Nilikuwa mtoto mwenye ufunguo."

Wapendwa, maoni yetu katika tafakari hii yanasimama juu ya maneno ya kijana huyo. Tumezoea kufikiri kwamba kufuli ni ishara ya kumshuku jirani. Tunasema kwamba penye upendo hapana siri, kwamba mwenye kuficha namba yake kwa mume, kwa mke, kwa mtoto au kwa paroko hana imani nao. Mila zetu za ukarimu zinatupa nguvu ya kusema hivyo, kwani nyumba ya Mnyambo haikuwa nyumba ya kufungiwa wageni. Twaheshimu mila hiyo. Lakini yatupasa kutofautisha mlango wa nyumba na dhamana ya mtu. Mlango huufungulia mgeni. Dhamana huwezi kumwazima. Kufuli haliwekwi kwa ajili ya wezi pekee. Linawekwa pia kwa ajili ya watu wema, ili wasibebeshwe kishawishi ambacho hawakukiomba. Kila siku tunasali tusiingizwe majaribuni, kisha tunamkabidhi kijana wa miaka kumi na saba jaribu lenye tarakimu nne na kumwambia ajitahidi.

Wapo watakaotujibu kwamba tunamwelekeza bibi katika njia isiyowezekana. Haoni vizuri, hasomi, wakala yuko mbali: afanyeje? Hoja hii ni nzito, na ndiyo iliyotuponza. Ni kweli kwamba tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na nyingine zikafuata, fedha za wakulima zimehamia katika vifaa ambavyo havikubuniwa kwa macho ya wazee. Ni kweli pia kwamba wengi huombwa namba zao na watu wenye nia njema tu. Lakini hoja hiyo inadai tumsaidie bibi. Haidai tukae mahali pake. Saa ya kijana wetu inatufundisha tofauti hiyo. Inafungua kwa niaba yake, naam. Lakini ni pale tu ambapo yeye mwenyewe yupo, yu macho, amejitambulisha kwa namba yake, na saa imeshikamana na mwili wake. Akiivua na kumpa rafiki, haifungui tena. Msaada wa kweli ndivyo ulivyo. Unamsindikiza mtu hadi mlangoni, na mkono unaogeuza ufunguo unabaki kuwa wake.

Wale wanawali wenye busara katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, waliwanyima wenzao mafuta, na miaka yote ya ukatekista watoto hutuuliza kama huo haukuwa uchoyo. Huwa tunawajibu kwamba yapo mambo yasiyoazimika. Huwezi kumwazima mtu kukesha kwako, wala dhamiri yako, wala jina lako. Wale watano wapumbavu walipobisha, Bwana arusi hakuwaambia kwamba mafuta ni machache. Aliwaambia kwamba hawajui.

Mama Kanisa naye si mgeni wa funguo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 938, unamtaka msimamizi wa kanisa ahakikishe kwamba ufunguo wa tabernakulo unatunzwa kwa uangalifu mkubwa. Kanuni ya 487 inaelekeza kwamba kumbukumbu za jimbo zifungwe, na funguo wawe nazo Askofu na Chansela tu. Kwa zile kumbukumbu za siri, kanuni ya 490 inamwachia Askofu peke yake. Hakuna anayesema kwamba Kanisa limewatukana mapadre wote wa jimbo kwa kuwanyima funguo hizo. Limewapunguzia mzigo. Sisi tunalala vizuri zaidi kwa sababu hatuna ufunguo wa kabati lile kule Kayanga.

Hapa Kagera tunalo neno linalotusaidia kuelewa. Wazee wetu wanaijua butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa, kwa sababu ya shida ya siku moja. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, kwani mkulima hubaki analima shamba lake kwa ajili ya mavuno ya mtu mwingine. Kutoa namba ya siri kwa sababu ya uchovu ni butura ya aina mpya. Kwa raha ya leo, tunaachia mavuno ambayo bado hatujayaona.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache, nayo yataanza na sisi wenyewe.

Kwanza, kuanzia sasa, katika parokia yetu hakuna padre, katekista wala kiongozi wa jumuiya atakayepokea namba ya siri ya muumini, hata akibembelezwa. Mtu akianza kututajia, tutamzuia kwa upole. Nazo simu na kompyuta zinazotunza michango zitakuwa na nywila, na hesabu zitaonwa na watu zaidi ya mmoja. Kanuni ya 537 inaidai kila parokia iwe na halmashauri ya uchumi. Isiwe jina tu kwenye karatasi.

Pili, yeyote aliyekwisha kutoa namba yake aibadilishe juma hili. Asimsute aliyempa. Amwambie tu: "Mwanangu, nimekutua mzigo."

Tatu, tukumbuke wale watumao ujumbe wa kututaka tutume fedha kwenye namba fulani, au wanaopiga simu wakijifanya wahudumu. Mhudumu wa kweli hakuombi namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli wapelekee Mamlaka ya Mawasiliano kupitia namba 15040. Piga pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usikubali kubeba jina la laini usiyoijua, kama kompyuta ya kijana wetu ilivyokataa saa yenye jina la dada.

Nne, vijana wa parokia, hasa ninyi mliojaliwa saa janja na simu janja, tunawapa kazi. Katika kila jumuiya tafuteni mzee mmoja na mfundisheni kuifungua simu yake mwenyewe. Simu ndogo za vitufe zina alama iliyoinuka juu ya namba 5, na hiyo ni hazina kwa asiyeona vema. Kidole kikiipata 5, kinajua kwamba 2 iko juu yake, 8 chini yake, 4 kushoto na 6 kulia. Mzee achague tarakimu zake mwenyewe, ninyi mkiwa mmegeuka. Fundisheni njia, msiulize namba.

Hivyo ndivyo tulivyofanya na bibi yetu, kama malipizi ya haraka yetu ya siku ile. Ilituchukua Jumapili tatu baada ya Misa, chini ya mwembe. Jumapili ya kwanza alikosea mara nyingi hadi laini ikafungiwa, tukalazimika kuomba msaada wa wahudumu wa mtandao. Ya pili alipata tarakimu mbili. Mjukuu wake alikaa naye siku zote tatu akimsomea maandishi ya kwenye kioo, na kila ilipofika hatua ya kuweka namba alisimama na kugeukia barabarani, bila kuambiwa na mtu.

Jumapili ya tatu bibi alijifunika simu kwa kitenge chake, kidole chake kikitafuta ile alama ya 5. Sisi tulikuwa tumeinama karibu ili tuone kama anafaulu. Alisimama ghafla, akatutazama kwa macho yale yaliyofifia, akasema: "Baba Padre, nawe geuka."

Tuligeuka.

Tunawatakia ninyi nyote Dominika njema na juma lenye baraka. Mwenyezi Mungu awalinde, katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.